Mita ya Mtiririko Inaposoma Chini: Kutafuta Chanzo katika Mfumo wa Pampu ya Bwawa la Kuogelea

Mita ya mtiririko inaposhuka chini ya kiwango kilichozoeleka, jambo la kwanza wanalofanya mafundi wengi wa mabwawa hapa Dar es Salaam ni kuosha chujio, na la pili ni kuishuku pampu. Yote mawili yanaweza kuwa sahihi, lakini yakifanywa kwa kubahatisha hupoteza maji na fedha, kwa sababu mita peke yake husema tu kwamba maji yanayopita ni machache, haisemi yamezuiwa wapi. Mahali pa kizuizi huonyeshwa na geji mbili: geji ya presha iliyo juu ya chujio, na geji ya mvuto iliyo upande wa pampu unaofyonza maji kutoka bwawani. Vipimo hivyo vitatu visomwe kwa pamoja na viandikwe kabla koki yoyote haijaguswa wala kifuniko chochote hakijafunguliwa.

Kabla ya kusema kwamba mita inasoma chini, ni lazima kujua ilipaswa kusoma ngapi. Bwawa la nyumbani lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita 1.5 lina mita za ujazo 75 za maji. Likikusudiwa kuzungushwa lote kwa saa 6, mtiririko unaotakiwa ni mita za ujazo 12.5 kwa saa, yaani lita 208 hivi kwa dakika. Mita nyingi zilizoko sokoni zimeandikwa kwa galoni za Marekani kwa dakika, na galoni moja ni lita 3.785, hivyo mtiririko huo huo utasomeka 55. Mita ikibadilishwa, hakikisha kipimo cha mita mpya (lita, galoni au mita za ujazo) ni kile kile cha ile ya zamani, kwa kuwa hitilafu nyingine huanzia kwenye kusoma tu.

Geji nazo zikaguliwe. Hewa ya bahari pamoja na mvuke wa klorini katika vyumba vya pampu vya Masaki, Mbezi Beach na Kigamboni huzila geji haraka, na sindano iliyoganda kwa kutu husoma namba ile ile siku zote. Zima pampu: sindano ya presha inapaswa kurudi sifuri, au karibu na sifuri iwapo maji ya bwawa yako juu kuliko chujio. Isiporudi, nunua geji nyingine. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika chumba hicho, na kazi yote inayofuata inakitegemea. Geji ya mvuto mabwawa mengi hayana kabisa. Inaweza kufungwa kwenye tundu la kuondolea maji lililo chini ya chungu cha kikapu cha pampu, ambalo kwa kawaida lina uzi wa robo inchi. Ningemshauri kila mwenye bwawa aifunge, hata kama pampu yake haina tatizo lolote leo.

Ukishapata namba tatu za kuaminika, utambuzi unakwenda hivi. Mvuto ukipanda na presha ikishuka, maji yamezuiwa kabla ya kufika kwenye pampu. Mvuto ukishuka na presha nayo ikishuka, tatizo liko kwenye pampu yenyewe, au kuna hewa inayoingia. Presha ikipanda na mvuto ukishuka, kizuizi kiko baada ya pampu, na mara nyingi ni chujio. Geji zote mbili zikiwa pale pale zilipokuwa siku zote ilhali mita peke yake imeshuka, mshukiwa ni mita.

Masharti mawili ya usalama hayana mjadala. Pampu izimwe kwenye swichi kuu ya ukutani, si kwenye saa ya kujiwashia, kabla ya mkono kuingia kwenye chungu cha kikapu au mpini wa koki ya njia sita, ile ya kwenye chujio inayochagua maji yapite njia gani, kugeuzwa. Na wakati wowote koki za upande wa kufyonza zinapofungwa moja baada ya nyingine kwa majaribio, asiwepo mtu ndani ya maji, hasa mtoto, kwa sababu mvuto wote ukibaki kwenye tundu moja la sakafuni unaweza kumnasa kwa nywele au kwa mwili.

Mvuto umepanda, presha imeshuka

Hali hii ndiyo nyepesi kutatua, kwa hiyo tusikae nayo sana. Fungua kikapu cha skima (mdomo wa ukingoni mwa bwawa unaofyonza maji ya juu na uchafu unaoelea) na kikapu cha pampu, uvisafishe. Angalia pia mlango mdogo unaoelea kwenye mdomo wa skima, kwani ukikwama ukiwa umesimama hupunguza maji yanayoingia. Vikapu vikiwa safi na mvuto bado uko juu, washa pampu na ufunge njia za kufyonza moja moja: skima, kisha tundu la sakafuni, kisha njia ya kufagilia kama ipo. Njia ambayo kuifunga hakubadilishi chochote kwenye mita ndiyo iliyokuwa haileti maji tangu awali.

Kabla ya kuchimba sakafu kutafuta bomba lililoziba, ikague koki ya njia hiyo. Koki za plastiki zilizokaa juani miaka mingi hukatika mhimili ndani: mpini unageuka vizuri mkononi na unaonyesha koki iko wazi, lakini gololi ya ndani imebaki imefunga nusu. Mpini ukigeuka kwa wepesi usio wa kawaida, shuku jambo hilo. Koki ikiwa nzima, ndipo bomba lisukumwe maji kutoka upande wa chumba cha pampu kuelekea bwawani, kwa presha ya wastani, ili uchafu urudi ulikoingilia badala ya kushindiliwa zaidi.

Mvuto mkubwa kupita kiasi huifanya pampu itoe sauti ya kokoto zinazogongana ndani yake. Sauti hiyo hutokana na viputo vya mvuke vinavyozaliwa na kupasuka ndani ya impela, yaani gurudumu la ndani ya pampu linalosukuma maji, navyo huila impela polepole. Pampu yenye sauti hiyo izimwe hadi kizuizi kipatikane.

Mvuto umeshuka, presha nayo imeshuka

Hapa ndipo subira inahitajika, kwa sababu visababishi ni vingi na vinafanana kwa nje.

Anza na hewa. Tazama kifuniko cha kioo cha pampu wakati inafanya kazi: chungu kinapaswa kujaa maji yaliyotulia, pengine na kiputo kimoja kidogo juu. Ukiona maji yanachemka kwa mapovu, sindano ya presha inatetemeka, na viputo vinatoka kwenye midomo ya kurudishia maji bwawani, hewa inaingia mahali fulani. Sababu ya kwanza ni kina cha maji: usawa ukishuka chini ya nusu ya mdomo wa skima, skima hunyonya hewa pamoja na maji. Katika miezi ya joto ya Desemba hadi Februari bwawa hupoteza maji mengi kwa kukauka, na maji ya bomba yanapokuwa ya mgao, kama ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 2022 Mto Ruvu ulipopungua, kishawishi cha kuacha bwawa lishuke kidogo ni kikubwa. Kama hakuna maji ya kuongeza, basi ifunge skima kwa sehemu na uiache pampu ivute zaidi kutoka chini, maadamu hakuna anayeogelea.

Usawa ukiwa sawa, kagua mpira wa kuzibia wa kifuniko cha pampu, yunioni (viungo vya bomba vinavyofunguka) zilizo mbele ya pampu, mhimili wa kila koki ya kufyonza na kizibo cha chini cha chungu. Paka povu zito la sabuni ya kunyolea kwenye kila kiungo wakati pampu inavuta. Mahali povu linapotoboka na kuvutwa ndani ndipo palipo na tundu. Usitafute matone ya maji upande huu, kwani pampu ikiwa inafanya kazi kiungo kibovu cha upande wa kufyonza huingiza hewa na hakitoi maji. Maji huonekana pampu ikizimwa, na hata hivyo ni pale tu pampu ilipo chini ya usawa wa bwawa. Mpira wa kifuniko upakwe grisi ya silikoni, si mafuta ya taa wala grisi ya magari, ambazo huuvimbisha na kuulainisha mpaka usishike.

Hakuna hewa? Basi ni impela. Kikapu cha pampu huzuia majani mapana ya mwembe na mkungu bila shida, lakini hakizuii majani ya mvinje. Mvinje, ulioenea sana kwenye nyumba na hoteli zilizo pwani kuanzia Msasani hadi Kunduchi, hudondosha vijani vyembamba mithili ya sindano ambavyo hupita wima kwenye matundu ya kikapu, kisha hujilaza kwa kukingama kwenye milango ya impela, na kila kinachofuata hushikwa na vilivyotangulia. Baada ya muda, milango ambayo ilikuwa na upana wa kutosha kupitisha kokoto ndogo huwa imebakiwa na upenyo mwembamba. Pampu inazunguka kwa kasi yake ya kawaida, haipigi kelele, mota inakuwa hata baridi kidogo kwa sababu inasukuma maji machache, na vikapu vyote ni visafi. Dalili zote hizo humshawishi mtu aseme pampu imechoka na inunuliwe nyingine Kariakoo.

Zima umeme, funga koki za pande zote mbili, toa kikapu, ingiza kidole kwenye tundu lililo nyuma ya chungu na upapase kingo za impela. Vijani hutolewa kwa waya mwembamba uliopindwa ncha. Visipoisha, mota ifunguliwe kutoka kwenye nyumba ya pampu, na kwa kuwa imefunguliwa, kagua pia kama impela imelika au imelegea kwenye mhimili wake. Penye mivinje, kikapu kivishwe soksi ya nyavu laini, nayo ioshwe kila siku, la sivyo soksi yenyewe itakuwa kizuizi kipya.

Impela ikiwa safi, geukia umeme, na hapa mabwawa ya hoteli na majengo ya ghorofa yenye umeme wa fezi tatu yanahitaji uangalifu wa pekee. Mota ya fezi tatu huzunguka kinyume iwapo fezi mbili zimebadilishana nafasi, jambo linaloweza kutokea baada ya matengenezo ya nyaya au jenereta mpya inapounganishwa. Wengi hudhani pampu inayozunguka kinyume haitoi maji kabisa. Inatoa, lakini kidogo, na kwa presha ndogo, ndiyo maana kosa hilo linaweza kukaa wiki nyingi bila kutambuliwa. Kwa impela zilizofungwa kwa uzi kuna hatari zaidi, kwani mzunguko wa kinyume huweza kuifungua impela hadi ikwaruze nyumba ya pampu. Mshale wa mwelekeo sahihi huwa umechorwa kwenye mwili wa pampu. Linganisha na feni ya nyuma ya mota inapopunguza mwendo baada ya kuzimwa. Swali moja la kumuuliza msimamizi wa jengo huokoa muda mwingi: je, mita hushuka umeme unapotoka kwenye jenereta tu? Jibu likiwa ndiyo, mpangilio wa fezi za jenereta au kasi ya injini yake ndiyo ya kukaguliwa, na pampu iachwe. Kubadilisha fezi ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni.

Jambo la pili la umeme ni pampu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, ambazo hufika hapa kwa njia ya mitumba au kwa watu waliorudi na vifaa vyao. Umeme wa Marekani ni wa hezi 60, wetu ni wa hezi 50. Mota iliyobuniwa kuzunguka mara 3,450 kwa dakika itazunguka hapa karibu mara 2,850. Mtiririko wa pampu ya aina hii hupungua kwa uwiano wa kasi, na uwezo wake wa kuinua maji hupungua kwa mraba wa kasi, hivyo pampu inabakiwa na takriban asilimia 83 ya mtiririko na asilimia 69 ya presha iliyoandikwa kwenye vitabu vyake. Pampu ya namna hiyo haijaharibika na haitarekebishika. Soma bamba la mota kabla ya kununua.

Kwa pampu za kasi inayobadilishwa kwa kompyuta yake ndogo, tazama kasi inayoonyeshwa kwenye kioo. Umeme ukikatika na kurudi, baadhi yake hupoteza saa au hurudi kwenye ratiba ya kasi ya chini.

Presha imepanda, mvuto umeshuka

Kila chujio la mchanga lina presha yake likiwa safi, na presha hiyo inapaswa kuandikwa ukutani kwa kalamu nzito siku mchanga unapowekwa. Presha ikizidi namba hiyo kwa bar 0.5 hadi 0.7, yaani psi 8 hadi 10, chujio lioshwe kwa kugeuza maji, kazi inayojulikana na mafundi kama bakiwashi. Wakati wa masika, mvua ikishateremsha udongo na vumbi la paa bwawani, presha inaweza kufika huko ndani ya siku chache. Kuosha kuendelee mpaka maji yanayoonekana kwenye kioo kidogo cha pembeni yawe meupe, kwa kawaida dakika mbili au tatu, kisha chujio lisuuzwe kwa muda mfupi kabla ya koki kurudishwa kwenye nafasi ya kuchuja. Kuosha chujio kabla presha haijapanda ni kupoteza maji bure, na pia mchanga ulio na uchafu kidogo huchuja vizuri kuliko ulio safi kabisa.

Iwapo huna hakika kwamba chujio ndilo linalozuia, zima pampu na uweke koki ya njia sita kwenye nafasi ya kuzungusha, ambapo maji hurudi bwawani bila kupita kwenye mchanga. Mita ikipanda ghafla, kizuizi ni chujio. Isipopanda, kizuizi kiko mbele zaidi: koki ya kurudishia iliyofungwa nusu, midomo ya kurudishia iliyobanwa, au seli ya mashine ya kutengeneza klorini kwa chumvi iliyoziba.

Tatizo kubwa zaidi ni chujio ambalo limeoshwa na presha bado haijashuka. Visima virefu vingi vya jijini, hasa vilivyo karibu na bahari, hutoa maji magumu, na bwawa linalojazwa kwa maji hayo hurundika chokaa popote maji yanapopita. Ndani ya chujio, chokaa huunganisha chembe za mchanga na mafuta ya ngozi ya waogeleaji mpaka zikawa mabonge magumu, na maji yakatafuta njia chache za kupenya katikati yake. Toa presha yote, fungua kifuniko cha chujio na uingize mkono: mchanga mzima ni mlegevu na una usawa mmoja juu, mchanga uliokufa una nyufa, mashimo na mabonge yasiyovunjika kwa vidole. Chukua kijiko kimoja cha mchanga huo, ukiwa nje penye hewa na umevaa glavu na miwani, uudondoshee matone ya asidi ile inayotumika kushusha pH, mbali kabisa na ndoo za klorini. Ukitoa mapovu, una chokaa ndani yake. Jaribio hilo hilo hufichua mchanga wa ufukweni, ambao umejaa vipande vya magamba ya konokono wa bahari na haufai kuwekwa kwenye chujio hata kama muuzaji anaapa kwamba umeoshwa. Mchanga unaotakiwa ni wa silika (quartz), wenye chembe za milimita 0.4 hadi 0.8 hivi, na kwa kawaida hubadilishwa baada ya miaka mitano hadi saba.

Seli ya mashine ya chumvi huziba kwa chokaa ile ile. Mashine hiyo ina swichi yake ya mtiririko, na taa yake ya maji machache ikiwaka huku mita ikisoma vizuri, isafishe swichi na uhakikishe mshale wake unaelekea yanakokwenda maji.

Geji hazijabadilika, mita imeshuka

Mita ya kuelea, ile yenye kijiti ndani ya bomba la plastiki angavu, hupokea maji kupitia matundu madogo yaliyoelekezwa dhidi ya mkondo. Chokaa na mwani huyaziba, na kijiti hushuka siku baada ya siku ilhali mtiririko ni ule ule. Ifungue, uiloweke katika siki au asidi iliyopunguzwa nguvu kwa maji mengi, uisuuze, na ujaribu tena. Mita ya gurudumu hukwamishwa na unywele mmoja uliojisokota kwenye mhimili.

Mita mpya inayosoma chini tangu siku ya kwanza huwa imefungwa vibaya. Inahitaji bomba lililonyooka kabla yake, lenye urefu usiopungua kipenyo cha bomba mara kumi, na baada yake mara tano hivi; kwa bomba la inchi mbili hiyo ni nusu mita kabla na robo mita baada. Ikiwekwa mara tu baada ya elbo (kona ya bomba) au koki, maji huipita yakiwa yamejipinda na namba yake haina maana. Halafu kuna suala la vipenyo. Madukani kwetu mabomba ya inchi na ya milimita yanauzwa pamoja, na mita iliyotengenezwa kwa bomba la inchi mbili lenye uwazi wa ndani wa milimita 52 hivi hufungwa kwenye bomba la milimita 63 lenye uwazi wa karibu milimita 57. Mita hiyo kwa kweli hupima kasi ya maji, na katika bomba pana kasi ni ndogo, kwa hiyo itasoma chini kwa takriban asilimia 15 maisha yake yote.

Kuna njia mbili za kuihakiki. Ya kwanza ni kusukuma maji kwenda nje kwa dakika 5 na kupima bwawa limeshuka kiasi gani. Bwawa la mita 10 kwa 5 likishuka sentimita 2, mita moja ya ujazo imetoka, sawa na mita za ujazo 12 kwa saa. Njia hii inatumia maji, kwa hiyo ifanywe siku ambayo chujio lingeoshwa vyovyote vile, na ikumbukwe kwamba maji yanayokwenda nje hayapiti kwenye mchanga, hivyo jibu litakuwa juu kidogo ya mtiririko wa kawaida. Ya pili haipotezi hata tone. Badili presha kuwa mita za maji kwa kuzidisha bar kwa 10.2, badili mvuto kwa kuzidisha inchi za zebaki, kipimo cha geji ya mvuto, kwa 0.345, jumlisha, kisha tafuta jumla hiyo kwenye mchoro wa uwezo wa pampu unaotolewa na mtengenezaji. Presha ya bar 1.2 na mvuto wa inchi 8 ni mita 12.2 na mita 2.8, jumla mita 15. Mchoro utaonyesha pampu hiyo hutoa maji kiasi gani kwenye mita 15. Hesabu hii hutegemea impela nzima inayozunguka kwa kasi yake halali, kwa hiyo mchoro ukitoa jibu kubwa kuliko jaribio la kupima kina cha bwawa, ingawa hakuna uchafu, hewa wala kosa la umeme, impela imelika na ndiyo inayostahili kubadilishwa, pamoja na sili yake (kizibo kinachozuia maji kuvuja kwenye mhimili), kwa kuwa mota itakuwa imeshafunguliwa.